Maji ya kwanza hurudi udongoni: wamama, mabinti na vyombo vya altare katika Kongo Mashariki

Jumamosi mchana, katika parokia nyingi za Kivu na Ituri, nyuma ya sakristia utamkuta mama na binti wa miaka kumi ao kumi na mbili wameinama juu ya mabeseni mawili. Beseni la kwanza lina maji matupu, hayana sabuni. La pili lina povu. Mtu anayepita njiani ataona wanafua nguo tu. Lakini binti akitaka kumwaga maji ya beseni la kwanza kwenye mfereji, kama anavyozoea nyumbani, mama atamshika mkono. Maji yale yanamwagwa udongoni, mahali ambapo mguu wa mtu haupiti. Vitambaa vilivyolowekwa ndani yake viligusa Mwili na Damu ya Kristo, na Wakatoliki wanaamini kwamba hata chembe ndogo ya hostia haifai kukanyagwa.

Somo hilo linachukua dakika chache. Lakini kwa miaka mingi sheria ya Kanisa haikumruhusu mama huyo kugusa vitambaa hivyo kabla padri hajavisuuza, na haikumruhusu binti yake kuusogelea altare wakati wa misa. Jinsi kazi hii ilivyoingia mikononi mwao ni historia inayofaa kujulikana, zaidi sana leo, wakati parokia nyingi zimebaki bila watu na watu wengi wamebaki bila parokia.

Vyombo vya altare viliingia upande huu wa Kongo juu ya vichwa vya wapagazi. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie kule Alger mwaka wa 1868, walituma msafara wao wa kwanza kutoka Bagamoyo mwaka wa 1878. Januari 1879 ukafika Ujiji. Kutoka huko wakavuka ziwa Tanganyika: mwaka wa 1880 wakajaribu kukaa Masanze, mwaka wa 1883 wakafungua misioni ya Kibanga, na mwaka wa 1885 wakapokea kituo cha Mpala kutoka kwa watu wa mfalme Leopold wa Pili. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Katika mizigo hiyo, pamoja na nguo na shanga za kulipia njia, kulikuwa na vitu vya misa: kalisi, patena, jiwe la altare, kitabu, vitambaa vya kitani, divai. Kitu kimoja kikivunjika ao kikiliwa na mchwa, kingine kilikuwa umbali wa miezi mingi.

Lugha ya kufundishia ikawa Kiswahili, na ndiyo maana mama wa Moba na mama wa Goma wanaelewana wakizungumza kazi ya sakristia. Maneno yenyewe yanaonyesha njia yaliyopita. Ubani na sadaka ni maneno ya pwani, yalikuja na wafanyabiashara wenye asili ya Kiarabu. Altare, hostia na kalisi ni ya Kilatini, yalikuja na mapadri. Binti anayeyataja yote kwa pumzi moja hajui kwamba anataja misafara miwili tofauti.

Mwaka wa 1893 ikaanzishwa misioni kubwa ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, karibu na Moba. Victor Roelens, aliyepewa uaskofu mwaka wa 1896, aliisimamia kwa miaka mingi. Hapo ndipo Stefano Kaoze alipopewa upadri tarehe 21 Julai 1917, Mkongo wa kwanza kuufikia upadri katika Kongo ya Wabelgiji. Kila mtoto wa katekisimu analijua jina lake. Kinachotajwa mara chache ni kwamba mwaka ule ule wa 1917 Roma ilitangaza kitabu kipya cha sheria za Kanisa, kilichoanza kutumika Mei 1918, na ndani yake kulikuwa na kanuni ya 1306.

Kanuni hiyo ilisema kwamba kalisi, patena, na vitambaa vilivyotumika katika sadaka ya misa visiguswe ila na watu wa daraja takatifu ao wale waliokabidhiwa kuvilinda. Ikaongeza kwamba vitambaa vya altare visipewe walei kufua, hata Masista wasipewe, mpaka kwanza vimesuuzwa na mtu mwenye daraja kubwa, na maji ya kusuuza huko yatiwe katika shimo takatifu la kanisa, ama, kama shimo halipo, katika moto. Kanuni nyingine, ya 813, ilikataza mwanamke kumtumikia padri kwenye misa. Kama hakuna mwanaume kabisa na sababu ni ya haki, angeweza kujibu sala akiwa mbali, lakini si kuukaribia altare.

Kwa hiyo mwaka ule mwana wa Kikongo alipewa ruhusa ya kuinua kalisi, na mwanamke wa Kikongo akaandikiwa kwamba asiiguse. Sheria haikuandikwa kwa ajili ya Kongo, ilikuwa ya dunia nzima, na mwanamke wa Ubelgiji alikatazwa vilevile. Lakini katika misioni ya hapa ilikuwa na uzito wake, maana padri mmoja alikuwa na vijiji vingi vya kutembelea, na yeye ndiye aliyepaswa kuinama juu ya beseni la kwanza. Maji ya kwanza yakawa kazi ya padri, na yote yaliyofuata yakawa kazi ya wanawake: sabuni, jua, wanga, pasi, sindano.

Maneno machache katika kanuni ile ndiyo yaliyofungua mlango: "wale waliokabidhiwa kuvilinda." Sista aliyewekwa kuwa sakristani alikuwa mlinzi, kwa hiyo aliweza kushika. Masista Weupe, ambao Lavigerie aliwaanzisha mwaka wa 1869, walifika pande za Tanganyika mwishoni mwa karne ile, na kila walipokaa walikuwa na chumba cha kushonea. Wasichana wa bweni waliingia pale kufundishwa sindano, na sindano ikawaongoza hadi kwenye nguo za altare: kushona pindo la kitambaa cha kitani, kutia msalaba mdogo wa uzi, kurudishia kasula iliyochanika begani.

Haifai kupamba sana wakati ule. Shule ya wasichana katika Kongo ya Wabelgiji ilikuwa, kwa sehemu kubwa, shule ya kuwafanya wake wa nyumbani. Wavulana walipewa Kifaransa na hesabu ili wawe makarani, waalimu na waseminari. Wasichana walipewa uzi. Mama wengi wa miaka ile walitoka misioni wanajua kupiga pasi alba yenye mikunjo hamsini lakini hawawezi kusoma barua ya serikali. Hasara hiyo iliwafuata hadi kwa watoto wao, na haikufutwa na uzuri wa mishono yao. Hata hivyo kile kidogo walichopewa walikishika vizuri kuliko waliowapa walivyotazamia, na wakakipeleka nyumbani.

Mfano unaojulikana zaidi unatoka kaskazini, Wamba, katika Uele. Anuarite Nengapeta alizaliwa huko tarehe 29 Desemba 1939. Mwaka wa 1943 alibatizwa pamoja na mama yake: siku moja, maji yale yale, mama na binti. Alipokuwa msichana alitamani utawa, lakini mama yake hakutaka kumwachilia. Siku lori la misioni lilipokuja kuwachukua wasichana wa kwenda Bafwabaka, Anuarite alipanda bila kuaga. Huko Bafwabaka aliingia shirika la Jamaa Takatifu, akaweka nadhiri zake za kwanza mwaka wa 1959, na kati ya kazi alizopewa, pamoja na ualimu na jikoni, ilikuwamo kazi ya sakristia.

Watu wanamkumbuka Anuarite kwa kifo chake, nao wana haki. Mwisho wa Novemba 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, yeye na Masista wenzake walichukuliwa kwa lori hadi Isiro, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba kanali mmoja wa waasi alimuua kwa sababu alikataa kutoa mwili wake. Siku chache mbele, tarehe 26 Novemba, askofu wa Wamba, Joseph Wittebols, alikuwa ameuawa pia. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri kule Kinshasa. Lakini kabla ya usiku ule wa Isiro kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo mwanamke huyu alifungua sakristia mapema, akatandika vitambaa, akaangalia kama taa nyekundu ya tabernakulo bado inawaka. Picha nyingi zinamwonyesha na tawi la mitende. Mchoraji mmoja angeweza kumpa pasi ya makala na asingekosea.

Mwaka ule wa 1964 na uliofuata ulifundisha jambo moja gumu. Misioni nyingi za Kongo ya Juu zilibaki bila padri, bila Sista, nyumba zimeporwa. Maarifa yaliyofungiwa katika chumba kimoja huondoka na mwenye ufunguo. Yaliyokwisha kuingia katika nyumba za wakristo yalibaki huko.

Mabadiliko ya sheria yalikuja polepole, na mara nyingi yalikuta kazi imekwisha anza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulimalizika mwaka wa 1965, misa ikaanza kusomwa katika lugha za watu, na nguo za altare zikaanza kushonwa kwa vitambaa vya kwetu. Kisha ikaja siasa ya Mobutu. Mwaka wa 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa na vyama vya vijana vya dini vikafungwa, maana vijana wote walitakiwa kuwa katika JMPR. Chama kama Xavéri, ambacho Padri Georges Defour alikianzisha Bukavu mwaka wa 1952, kilikuta mlango umefungwa. Mwisho wa mwaka wa 1974 serikali ikachukua shule za dini. Msichana aliyekuwa akijifunza kazi ya altare katika chama ao shuleni hakuwa tena na mahali hapo. Alibaki na mama yake. Kuna sababu ya kufikiri kwamba miaka ile, bila mtu yeyote kukusudia, ndiyo iliyofanya nyumba kuwa shule ya sakristia.

Kitabu kipya cha sheria za Kanisa cha mwaka wa 1983 hakikuirudisha kanuni ya 1306. Kanuni yake ya 1171 inataka tu kwamba vitu vilivyowekwa wakfu vitunzwe kwa heshima na visitumiwe kwa kazi ya kawaida, hata kama viko mikononi mwa mtu binafsi. Mwaka wa 1988 Roma iliidhinisha misa ya majimbo ya Zaire, yenye ngoma na kucheza kuzunguka altare. Mwaka wa 1994 maaskofu waliruhusiwa kukubali wasichana kati ya maakolite, kila mmoja katika jimbo lake. Mwezi wa Januari 2021 Papa Fransisko alibadilisha kanuni ili wanawake pia wawekwe rasmi kuwa wasomaji na maakolite. Kati ya kanuni ya 1917 na barua ya 2021 kuna miaka 104. Mabinti wa maisha matatu walipiga pasi wakati huo wote.

Basi kazi yenyewe ikoje? Mama mzuri haanzi na kalisi. Binti anaanza na fagio na maua: kuondoa maua yaliyonyauka kabla maji yake hayajanuka, kufuta vumbi kwenye ngazi ya altare. Halafu nta. Nta ya mshumaa ikianguka kwenye kitambaa, mtoto hukimbilia maji ya moto, na hapo huharibu. Nta inaachwa ipoe na iwe ngumu, inabanduliwa na ukucha ao mgongo wa kisu, kisha karatasi safi inawekwa juu na chini na pasi ya moto inapitishwa. Karatasi inakunywa nta iliyobaki. Divai nayo inataka maji baridi, upesi, kabla ya sabuni. Maji ya moto yanaipikia ndani ya uzi.

Baada ya hapo anafundishwa majina na kazi ya kila kitambaa, maana vinafanana na vinachanganywa. Korporali ni kitambaa cha mraba kinachotandazwa katikati ya altare, chini ya kalisi na patena. Purifikatori ni kirefu na chembamba, cha kufutia kalisi. Kingine ni cha kupangusia mikono ya padri baada ya kunawa, na hicho hakigusi Ekaristi, kwa hiyo kinafuliwa pamoja na vitambaa vya kawaida vya kanisa. Korporali na purifikatori vinapitia beseni la kwanza. Barua ya Roma ya mwaka wa 2004 juu ya heshima ya Ekaristi inaeleza hivyo hivyo: maji ya kwanza yatiwe katika shimo takatifu la kanisa ao udongoni mahali panapofaa, na baadaye kitambaa kifuliwe kama kawaida.

Kukunja korporali ndiyo mtihani. Inakunjwa mara tatu kwa urefu na mara tatu kwa upana, mpaka ikifunguliwa inaonyesha miraba tisa, kama uwanja wa mchezo wa watoto. Mikunjo yote inaelekea ndani. Sababu ni moja: kama chembe ya hostia imebaki juu ya kitambaa, itabaki imefungwa ndani, haitaanguka sakafuni. Ndiyo maana pia korporali haikung'utwi kamwe, hata ikiwa imejaa vumbi la barabara. Purifikatori inakunjwa mara tatu kwa urefu tu. Korporali inatiwa wanga ili isimame vizuri na chembe ziokoteke kirahisi. Purifikatori haitiwi wanga hata kidogo, maana kazi yake ni kunywa, na kitambaa chenye wanga hakinywi. Mama wa kwetu wanatengeneza wanga huo kwa unga wa muhogo uliopikwa mwepesi na kuchujwa kwenye kitambaa. Ukizidisha, pasi inanata na inaacha alama ya kahawia. Pasi ya makala ina hatari yake nyingine: cheche. Pasi lazima ipulizwe nje, mbali na kitani, na chini yake ipanguswe kwanza juu ya kikwembe kizee.

Vyombo vya chuma vinafika mwisho. Kinara cha shaba kinasuguliwa kwa ndimu na majivu laini, na mtoto anafurahi kuona kinang'aa. Furaha hiyo ndiyo inayomfanya, siku nyingine, achukue majivu yale yale asugue ndani ya kalisi. Hapo mama anapaswa kuwa karibu. Ndani ya kalisi nyingi kuna ngozi nyembamba ya dhahabu juu ya chuma kingine. Majivu yanaila, na kuipaka upya ni kazi ya fundi ambaye hayuko jirani. Kalisi inaoshwa kwa maji ya vuguvugu, inakaushwa kwa kitambaa laini, basi. Chetezo nacho kinakwanguliwa masizi ya ubani kingali na joto kidogo. Kikipoa masizi yanakuwa kama lami.

Halafu kuna rangi. Nyeupe kwa Noeli na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste na kwa mashahidi, zambarau kwa Kwaresima na Majilio, kijani kwa siku za kawaida. Tarehe 1 Desemba, siku ya Anuarite, binti anatakiwa akumbuke mwenyewe kutoa kasula nyekundu bila kuambiwa.

Kuna swali ambalo wakimbizi wa vita wanaliuliza, na si swali la kijinga: watu wanalala njaa, na wamama wanapiga pasi vitambaa vya kikombe cha dhahabu? Swali hilo ni la zamani kuliko misioni ya Kongo. Katika karne ya nne, baada ya vita vya mwaka wa 378, Askofu Ambrosi wa Milano aliyeyusha vyombo vya kanisa lake ili akomboe mateka. Wapinzani wake walimlaumu, naye akajitetea kwa maandishi kwamba dhahabu ya Kanisa ni ya kuwasaidia wenye shida. Kanisa limemfanya mtakatifu, na halikufuta jambo hilo katika maisha yake. Kwa hiyo binti anayejifunza sakristia anafaa kujifunza na hilo pia: vyombo vinatunzwa sana, lakini mtu anatunzwa kuliko chombo. Mama anayemwambia binti yake arudi katika kijiji kinachowaka ili aokoe kalisi, amemfundisha vibaya.

Vita vimekuja mara nyingi tangu mwaka wa 1996. Na hata mlima haukungoja vita: tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka hadi katikati ya Goma na kuharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Ituri, mwezi wa Julai 2025, ulikuwa mwezi wa majonzi. Parokia ya Lopa, katika Djugu, ilivamiwa na kunajisiwa. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 27, washambulizi wa ADF waliingia Komanda na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao waumini waliokuwa katika mkesha wa sala kwenye parokia. Kati ya waliokufa walikuwamo wanamemba wa Kroisade ya Ekaristi, chama cha watoto na vijana wanaofundishwa kuipenda misa. Wanawake waliouawa walizidi wanaume kwa hesabu. Parokia hiyo ya Komanda ina jina la Mwenyeheri Anuarite.

Familia zilizotoka huko, na nyingine zilizotoka Rutshuru, Masisi, Lubero na Irumu, zimekwenda na kidogo sana. Kwenye kambi zilizozunguka Goma kabla hazijavunjwa mwanzo wa 2025, Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya, watu walisali chini ya shitingi, juu ya mawe ya volkano, na meza ya kawaida ikawa altare. Wengi walirudi katika vijiji ambavyo kanisa lake halina tena mlango. Hapo ndipo sheria za vyombo zinauma. Bakuli la plastiki halifai kuwa kalisi, wala glasi, wala chungu cha udongo. Kanisa linakubali mti mgumu kama mpingo kwa chombo cha hostia, lakini sehemu ya kalisi inayopokea divai lazima iwe ya kitu kisichonywa maji. Kwa hiyo kalisi moja inatumika na watu wengi, na padri anaibeba katika mfuko kutoka mahali hadi mahali. Vitambaa ndivyo vinavyoweza kupatikana pale pale: shuka nyeupe ya pamba ao, kwa bahati, ya kitani, ikikatwa na kushonwa pindo vizuri, inatoa korporali kadhaa. Anayejua kuzishona ni yule mama aliyefundishwa na mama yake, na mara nyingi yeye mwenyewe amelala chini ya shitingi hiyo hiyo.

Wamama wenye uzoefu wanawafundisha mabinti hata namna ya kukimbia. Ekaristi kwanza: padri akiwepo ni kazi yake, na asipokuwepo, wakati wa hatari ya kunajisiwa, mkristo yeyote mwenye imani anaweza kuipeleka mahali salama. Kisha kalisi na patena, zimefungwa ndani ya korporali na kikwembe, zisigongane. Zikilala katika nyumba ya mtu, zisiwekwe pamoja na sufuria, na zisionyeshwe kwa jirani kama pambo. Zinahesabiwa, zinaandikwa kwenye daftari: moja ya nini, ya parokia gani, imepokelewa siku gani, na nani. Vinara vinaachwa. Nguo nzito zinaachwa. Mtoto anayetembea polepole haachwi.

Wakifika mahali papya, kabla ya misa ya kwanza, mtu anatafuta mahali pa beseni la kwanza. Shimo takatifu la kanisa, lile lenye bomba linaloshuka moja kwa moja udongoni, limebaki nyuma na ukuta wake. Linachimbwa dogo jingine, upande wa nyuma, penye mteremko ambao hauelekei vyooni wala kwenye njia ya maji ya kunywa. Goma udongo ni haba juu ya lava, na jembe linagonga jiwe mara moja, kwa hiyo wanatafuta ufa, wanaujaza mchanga, wanazungushia mawe manne ao matano ili watoto wasipite juu yake wakicheza. Jumamosi binti analeta beseni, anamimina polepole, anangoja udongo unywe, ndipo anaongeza yaliyobaki.